Uwanja wa Mtakatifu Petro: nani anapata nafasi?



Kila mji wetu una mahali ambapo watu hukutana hata bila kupeana miadi: penye mzunguko wa barabara, mbele ya posta, au kwenye kiwanja cha kanisa kuu. Wazee wana jina lao la mahali hapo, nasi tuna letu, kwa maana kila utawala hupenda kuacha jina lake juu ya ardhi. Mwaka 1966 Stanleyville iliitwa Kisangani, na Elisabethville ikaitwa Lubumbashi. Lakini historia ya uwanja si ya majina peke yake. Ni historia ya watu pia: waliojenga pale, waliouza na kununua, waliosali, na wale walioamka siku moja wakaambiwa kwamba nyumba zao zinaziba njia.

Katika tafakari hii tutazame uwanja mmoja ambao wengi wetu tumekwisha kuuona, walau kwenye televisheni siku ya Pasaka: Uwanja wa Mtakatifu Petro, Roma. Tukiutazama twaweza kudhani kwamba ulikuwa hivyo tangu mwanzo, pamoja na nguzo zake, chemchemi zake, na ile barabara pana inayoelekea mtoni. Sivyo. Kila sehemu ilikuja kwa wakati wake na kwa gharama yake. Basi tuipitie historia hiyo tukiwa na swali moja: katika kila zama, ni nani aliyepewa nafasi pale, na ni nani aliyeondolewa?

Mahali pa damu

Miaka elfu mbili iliyopita Vatikani haikuwa mahali pa heshima. Ilikuwa ng'ambo ya mto Tiber, nje ya mji, penye bustani za makaisari na makaburi kando ya njia. Hapo Kaisari Caligula alianza kujenga uwanja wa mashindano ya magari ya farasi, na ndani yake akasimamisha mnara wa jiwe moja ulioletwa kwa meli kutoka Misri. Mnara wa namna hiyo huitwa obeliski. Huu una urefu wa mita 25 hivi, na uzito wake unapita tani 300.

Mwezi wa Julai mwaka 64 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Roma. Watu walinong'ona kwamba Kaisari Nero mwenyewe ndiye aliyeamuru uwashwe. Ili ajiondolee lawama, Nero aliwatwika Wakristu kosa hilo. Mwandishi Tacitus, ambaye hakuwa Mkristu wala hakuwapenda Wakristu, ameeleza yaliyofuata: wengine walivikwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa, wengine walisulubiwa, wengine walichomwa moto ili wawe taa za usiku katika bustani za Kaisari. Mapokeo ya Kanisa yanatuambia kwamba katika mateso ya Nero Mtume Petro alisulubiwa huko Vatikani, kichwa chini, akazikwa katika makaburi ya karibu.

Mashahidi wale wa kwanza wa Roma tunawakumbuka katika liturujia kila tarehe 30 Juni, siku ile ile ambayo sisi Wakongomani tunakumbuka uhuru wa nchi yetu. Majina yao karibu yote hayajulikani. Wakubwa walikaa vitini watazame, na wadogo waliuawa ili kuwafurahisha: hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi ya kila mtu siku zile. Na obeliski ya Misri ilikuwa imesimama papo hapo. Ni jiwe, halina ulimi. Lakini ni lile lile tunaloliona leo katikati ya uwanja.

Mtaa wa wageni

Katika karne ya 4 Kaisari Konstantino alijenga basilika juu ya kaburi la Petro. Kazi ilikuwa ngumu: mteremko wa kilima ulichimbwa, na makaburi yakafukiwa, ili altare isimame mahali penyewe alipolala Mtume. Tangu hapo mahujaji walianza kuja kutoka mbali, wengi kwa miguu. Wasaksoni wa Uingereza, Wafranki, Wafrisia na Walombardi walijijengea nyumba za kufikia karibu na basilika, kila taifa kwake. Mtaa uliozaliwa hivyo ukaitwa Borgo, jina lililotokana na lugha za wageni wale wa kaskazini. Hivyo majirani wa kwanza wa kaburi la Petro walikuwa wageni na maskini waliochoka kwa safari.

Mwaka 846 wavamizi waliotoka baharini waliipora basilika, kwa kuwa ilikuwa nje ya kuta za mji. Papa Leo IV alijenga ukuta kuuzunguka mtaa huo wote, nao ukakamilika mwaka 852. Karne tatu na nusu baadaye Papa Inosenti III alianzisha hospitali ya Roho Mtakatifu mahali palipokuwa na nyumba ya Wasaksoni. Inasimuliwa kwamba Papa huyo alihuzunishwa na habari za wavuvi walionasa katika nyavu zao miili ya watoto wachanga waliotupwa mtoni. Ukutani mwa hospitali liliwekwa sanduku la kuzunguka, ili mama aliyekata tamaa aweze kumweka mtoto wake humo bila kuonekana, naye akapokelewa ndani akiwa hai.

Kwa muda mrefu basi mbele ya basilika hapakuwa na uwanja mkubwa. Palikuwa na kiwanja kisicho na umbo, na mtaa wa njia nyembamba, nyumba zilizobanana, wauzaji wa mishumaa na medali, hospitali na makanisa madogo.

Jiwe linahamishwa

Mwaka 1506 Papa Yulio II aliweka jiwe la msingi la basilika mpya, kwa sababu ile ya Konstantino ilikuwa imechakaa. Ujenzi ulidumu miaka 120, hata basilika ikawekwa wakfu mwaka 1626. Tuseme ukweli wote, kwa maana imani haiogopi ukweli: sehemu ya fedha za ujenzi ilikusanywa kwa njia ya rehema zilizotolewa kwa waliotoa sadaka, na namna zilivyohubiriwa huko Ujerumani iliwakwaza wengi. Mwaka 1517 Martin Luther alipinga jambo hilo hadharani, na Kanisa la magharibi likaingia katika mgawanyiko ambao hata leo haujapona.

Ujenzi ulipokuwa ungali ukiendelea, Papa Sixto V aliagiza obeliski itolewe ubavuni mwa basilika na kuletwa mbele yake. Mhandisi Domenico Fontana alianza kazi tarehe 30 Aprili 1586. Watu wapatao 900 na farasi zaidi ya 100 walivuta kamba, kengele na tarumbeta zikiwapa ishara. Mnara ulilazwa, ukaburutwa, na tarehe 10 Septemba ukasimama tena. Juu yake uliwekwa msalaba. Jiwe lililokuwapo Wakristu walipouawa sasa lilibeba alama ya yule waliyemfia. Hawakulivunja wala kulificha; walilipa kazi nyingine. Nasi tulio na majengo na majina tuliyoachiwa na ukoloni tunaweza kujifunza neno hapo.

Mikono miwili

Miaka 70 baadaye mbele ya basilika bado palikuwa kiwanja tu. Papa Aleksanda VII alimpa Gian Lorenzo Bernini kazi ya kupatengeneza, naye akaifanya kati ya mwaka 1656 na 1667. Bernini alichora uwanja wenye umbo la duara iliyorefushwa, uliozungukwa na nguzo 284 zilizopangwa safu nne. Juu ya nguzo zilisimamishwa sanamu 140 za watakatifu. Sakafuni pana mawe mawili ya mviringo: ukisimama juu ya mojawapo, safu nne za upande ule huonekana kuwa safu moja tu. Ukisogea hatua chache, zinatawanyika tena.

Bernini mwenyewe alieleza maana ya umbo hilo. Alisema kwamba nguzo zile ni mikono ya Kanisa lililo mama: inawapokea Wakatoliki ili kuwathibitisha katika imani, inawapokea waliojitenga ili kuwarudisha katika umoja, na inawapokea wasioamini ili waangaziwe. Tazameni vema jambo moja: kati ya nguzo hakuna milango. Mtu hupita popote. Mikono ya mama haina kufuli.

Tena Bernini aliwaza kuziba upande wa mbele kwa kipande cha tatu cha nguzo, lakini Papa alikufa mwaka 1667 na kipande hicho hakikujengwa kamwe. Nyumba za Borgo zikabaki zikisimama karibu kabisa. Hujaji alipita katika njia nyembamba yenye kivuli, kati ya kuta na kamba za kuanikia nguo, kisha ghafula mbele yake pakafunguka mwanga na nafasi. Kwa karne karibu tatu mtaa wa watu wadogo ulikuwa ndio mlango wa uwanja huo mkubwa.

Mlango uliofungwa

Tarehe 20 Septemba 1870 jeshi la ufalme wa Italia liliingia Roma, na utawala wa Papa juu ya mji ukakoma. Papa Pio IX alijifungia Vatikani, nao waliomfuata wakafanya vivyo hivyo. Kwa zaidi ya miaka 50 Papa mpya alipochaguliwa, alitoa baraka akiwa ameelekea ndani ya basilika, si uwanjani. Mikono ya mawe ilibaki wazi, lakini dirisha lilifungwa. Tarehe 6 Februari 1922 Papa Pio XI alitokea tena kwenye roshani ya nje, akawabariki watu waliokusanyika. Tarehe 11 Februari 1929 mkataba wa Laterani ulitiwa sahihi, likazaliwa taifa dogo la Vatikani lenye eneo la hekta 44. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Papa alitoka nje, akiandamana na Ekaristi katika uwanja.

Kwa mkataba huo uwanja ni ardhi ya Vatikani, lakini uko wazi kwa watu wote. Mpaka wake na Italia ni mstari mweupe tu sakafuni. Wakati wa vita, Wajerumani walipoikalia Roma tangu Septemba 1943, askari wao walisimama kwenye mstari huo. Mstari mwembamba kiasi hicho uliweza kutenganisha usalama na kifo.

Barabara ya Upatanisho

Sasa tunafika kwenye ukurasa unaouma. Mussolini alitaka mapatano yale yaachiwe kumbukumbu itakayoonekana kwa mbali. Wasanifu Marcello Piacentini na Attilio Spaccarelli walichora barabara pana iliyonyooka kutoka mtoni mpaka uwanjani, na Papa Pio XI akaridhia mpango huo. Tarehe 29 Oktoba 1936 Mussolini mwenyewe alipanda juu ya paa akapiga sururu ya kwanza. Katika muda wa mwaka mmoja hivi kiini chote cha Borgo kilibomolewa: nyumba, maduka, makanisa, hata kiwanja kidogo cha Scossacavalli pamoja na kanisa lake la Mtakatifu Yakobo. Barabara ilikamilishwa kwa ajili ya Jubilei ya mwaka 1950. Iliitwa Via della Conciliazione, maana yake Barabara ya Upatanisho.

Maelfu ya wakazi walihamishwa. Wengi walipelekwa kwenye mitaa mipya ya pembezoni, mbali na kazi zao, mbali na majirani waliozoeana nao tangu utoto. Fundi aliyeishi kwa kuwashonea watu wa mtaa wake alipata nyumba pengine, lakini mtaa wake haukuwapo tena. Ni kweli kwamba nyumba za Borgo zilikuwa za zamani na nyingine hazikufaa kukaliwa. Ni kweli pia kwamba barabara ile leo inapitisha mahujaji wengi kwa urahisi. Hata hivyo hatuwezi kuacha kuuliza: upatanisho wa wakubwa wawili unapojengwa juu ya nyumba za wadogo, wadogo hao wanapatanishwa na nani?

Sisi twalielewa swali hilo bila mwalimu. Tumeona alama ya rangi ikipakwa ukutani mwa nyumba kabla ya barabara kupanuliwa. Tumeona wamama wa soko wakifukuzwa siku moja kabla ya mgeni wa heshima kupita. Na wengi kati yetu, huku mashariki, tunaishi na ndugu waliokimbia vita, ambao hakuna aliyewapa hata notisi.

Kanisa dogo na msalaba wa mbao

Lakini si kila kitu cha Borgo kilipotea. Nyuma ya majengo makubwa ya barabara mpya lilibaki kanisa dogo la karne ya 12, la Mtakatifu Laurenti, lililofichika hata mpita njia halioni. Mwaka 1983 Papa Yohane Paulo II alifungua hapo kituo cha vijana. Mwaka uliofuata, siku ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 1984, alipoufunga Mwaka Mtakatifu wa Ukombozi, aliwakabidhi vijana msalaba wa mbao wenye urefu wa mita 3.8, akawaomba waupeleke duniani kote. Vijana wa kituo kile ndio walioupokea kwa niaba ya vijana wa ulimwengu. Tarehe 31 Machi 1985, siku ya Matawi, vijana mamia ya maelfu waliujaza uwanja, na kutokana na mkusanyiko huo zilizaliwa Siku za Vijana Duniani.

Papa huyo huyo aliumwaga damu yake uwanjani hapo. Tarehe 13 Mei 1981 alipigwa risasi akiwa kati ya watu, na jiwe dogo sakafuni laonyesha mahali penyewe. Mwezi wa Desemba 1983 alimwendea gerezani aliyempiga, akakaa naye, akazungumza naye. Upatanisho huo haukuhitaji kubomoa nyumba ya mtu.

Chini ya nguzo

Katika miaka yetu uwanja umeanza kupata majirani wa namna ya zamani. Mwaka 2014 askofu aliyesimamia sadaka za Papa kwa maskini alimwalika mtu asiye na makao kula naye katika mkahawa. Mtu yule alikataa, akasema kwamba ananuka na watu watamfukuza. Askofu alitambua kwamba mkate peke yake hautoshi. Mwezi wa Februari 2015, karibu na nguzo za Bernini, vilifunguliwa vyumba vya kuogea kwa ajili ya wasio na makao, na vinyozi wakajitolea kuwanyoa. Mwaka 2019 jumba zuri lililo nyuma ya nguzo, ambalo lingeweza kukodishwa kwa watalii kwa fedha nyingi, Papa Fransisko aliligeuza kuwa nyumba ya kulala maskini, akaikabidhi Jumuiya ya Sant'Egidio. Mwaka huo huo, tarehe 29 Septemba, ilisimamishwa uwanjani sanamu ya shaba ya wahamiaji na wakimbizi waliojazana katika chombo kimoja. Watu wake ni 140, sawasawa na idadi ya watakatifu walio juu ya nguzo.

Jumuiya hiyo ya Sant'Egidio twaifahamu. Ndiyo aliyokuwa mwanachama wake Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, rafiki wa watoto wa mitaani, aliyekuwa mtumishi wa forodha. Alikataa kupokea rushwa ili apitishe chakula kilichoharibika, akauawa mwezi wa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Alijua kwamba chakula kile kingeliwa na watu asiowajua, na uhai wao ulikuwa na nafasi moyoni mwake.

Na mikono yetu?

Tarehe 27 Machi 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Papa Fransisko alisimama peke yake katika uwanja mtupu, mvua ikinyesha, akaiombea dunia. Nguzo zilikuwa pale pale, lakini hapakuwa na mtu wa kukumbatiwa. Siku ile ilionekana wazi kwamba uwanja bila watu ni mawe.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Februari 2023, alikuja kwa vijana wa Kongo katika Stade des Martyrs, Kinshasa, akamtaja Floribert mbele yao. Hakuwaambia watazame majengo. Aliwaambia watazame mikono yao, na kila kidole akakipa fundisho lake: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha na huduma. Bernini alichonga mikono kwa mawe, nayo imesimama zaidi ya miaka 350. Lakini imeshuhudia mengi chini yake, mema na mabaya, kwa sababu jiwe haliwezi kuchagua. Mikono yetu inaweza.

Kiwanja cha parokia yetu ni kidogo, pengine hakina nguzo hata moja. Hata hivyo swali tulilolipeleka Roma linarudi nasi nyumbani: Jumapili baada ya Misa, tunapopiga ngoma na kusalimiana, ni nani anayesimama nje ya duara letu?

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Waulizeni wazee wawili au watatu wa mtaa wenu: mahali penye kanisa letu, au penye soko letu, palikuwa na nini zamani? Nani aliishi hapo, naye alikwenda wapi?

2. Papa Sixto V hakuivunja obeliski, aliipa maana mpya. Katika mji wetu kuna kitu gani cha huzuni ambacho twaweza kukipa kazi njema?

3. Yule mtu asiye na makao hakuthubutu kuingia mkahawani kwa aibu. Katika parokia yetu ni nani haji kanisani kwa sababu ya aibu, na kikundi chetu kitamfanyia nini kabla ya mwezi huu kwisha?

Sala

Bwana Yezu, ulizaliwa ambapo hapakuwa na nafasi, na mikono yako ilinyoshwa msalabani kwa ajili ya wote. Tupe macho ya kuwaona walioondolewa, na mikono ya kuwapokea. Mtakatifu Petro na mashahidi wa Roma, Mwenyeheri Anuarite, Mwenyeheri Bakanja na Mwenyeheri Floribert, mtuombee. Amina.